Mkulima anayenunua mahindi yake mwenyewe

Februari mwaka juzi nilikuwa Kahe, tambarare ya Moshi, nimejikinga jua kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, si mbali na reli. Mama mmoja alikuja na ndoo, akaagiza sado nne za mahindi, yale makopo ya kupimia, kwa mfanyabiashara ambaye stoo yake imepakana na ile mashine. Kijana wa stoo alipokata uzi wa gunia jipya, yule mama akaokota kipande kilichoanguka, akakigeuza kidoleni, akaanza kucheka. Ulikuwa uzi wa bluu, wa kusokota kutoka kwenye chandarua kilichochakaa.

"Huu nimeushona mimi," akasema. "Mwezi wa nane. Yamerudi nyumbani, ila safari hii nauli nalipa mimi."

Kibaraza kizima kilicheka. Mimi nikatoa daftari, maana ndiyo kazi yangu, nikamsalimia na kumwomba tukae. Aliniita bwana shamba. Wote huniita hivyo, ingawa nimesomea uchumi wa kilimo na miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye ushirika, mikopo na maghala. Sina ujuzi wa kutibu hata mgomba. Nimeshaacha kusahihisha.

Hesabu aliyonipa siwezi kuianika hapa, ni ya nyumbani kwake. Lakini nimekaa na kaya nyingi za tambarare ya Moshi, Hai na Arumeru, na umbo la hesabu ni lilelile, kwa hiyo nitatunga mfano wenye namba nyepesi. Tuseme kaya ina watu sita na kwa mwaka inakula magunia saba. Tuseme masika imekuwa nzuri, wamevuna kumi. Ziada yao ya kweli ni magunia matatu. Ila Agosti hawauzi matatu, wanauza matano, kwa shilingi 50,000 gunia. Ikifika Februari ghala limebaki vumbi, wananunua mawili kwa 90,000. Wameuza magunia mawili kwa 100,000 na kuyarudisha kwa 180,000. Shilingi 80,000 zimepotea, na hapo hatujaibiwa wala hatujapata ukame.

Na hiyo ni kama vipimo viko sawa. Haviko. Mkulima akiuza, gunia ni lumbesa, lina kilemba juu na limeshindiliwa kwa mguu, unaweza kuhesabu debe saba mle ndani. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila anayenunua kwenye soko la Himo au Mbuyuni anaijua sheria hiyo vizuri sana. Mkulima huyohuyo akirudi Februari kununua, sado inasawazishwa kwa ubao, punje iliyozidi inarudi stoo.

Watu wakiniuliza umaskini wa mkulima unapunguzwaje, wengi wanatarajia nianze na trekta, mbegu bora au umwagiliaji. Sina ugomvi na hivyo. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, ile ya kusajiliwa na kupewa namba, imesaidia watu ninaowafahamu. Lakini kila tunapoongeza mavuno bila kugusa kalenda ya pesa, tunachofanya ni kuongeza magunia yanayofika sokoni mwezi uleule mmoja. Mwenye kufaidi ni mwenye stoo.

Takwimu za taifa nazo zinanifanya niwaze hivyo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya Watanzania wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Katikati hapo uchumi ulikua kwa kasi ambayo nchi nyingi zingeitamani, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kuwa nchi ya uchumi wa kati wa chini. Chini ya pointi mbili kwa miaka sita! Na vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Ukuaji ulikuwa kwenye ujenzi, migodi, mawasiliano na usafirishaji, na watu wengi wako kwenye jembe.

Turudi kwa yule mama, kwa sababu swali la maana ni hili: kwa nini aliuza? Wataalamu wenzangu hupenda kujibu kwamba mkulima hana elimu ya masoko. Huo ni upuuzi. Hakuna mtu Kahe asiyejua kwamba mahindi hupanda bei baada ya Krismasi. Anauza kwa sababu Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo kila anayemdai anajua ana kitu. Deni la mbegu na dawa linaiva wakati huo, na waliokopesha ndivyo walivyoliandika kwenye mkataba: marejesho baada ya mavuno. Duka la Mangi limeandika sabuni na chumvi tangu Machi. Wanaoingia kidato cha tano wanaripoti shule. Ada ya serikali imefutwa, lakini godoro, sare, nauli na michango havijafutwa. Harusi nazo zimepangwa msimu huo kwa sababu hiyohiyo, na kadi ya mchango ukiipokea huwezi kuirudisha. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, na mwandikishaji alipita akijua watu wamevuna. Zaidi ya hayo kuna wadudu. Gunia likikaa linaliwa, kwa hiyo hata asiye na deni anaona heri auze.

Sasa niseme sehemu ambayo watu huiruka, nami naona ndiyo kiini. Hasara ya zile shilingi 80,000 ni ndogo kuliko inayofuata nyuma yake. Februari na Machi, wakati kaya imeishiwa, baba na mama wanatafuta vibarua. Wanalima kwa mwenye pesa, wanapalilia bustani za nyanya na vitunguu za watu, wanalipwa jioni, wananunua unga. Na hiyo ndiyo miezi ya kutayarisha shamba lao. Mvua za masika zikianza Machi, shamba la mwenye stoo limeshapigwa trekta na linapandwa siku ya pili, la kibarua bado lina mabua ya mwaka jana. Atapanda wiki mbili tatu baadaye. Mahindi ya tambarare hayasamehe kuchelewa. Mvua ikikata Mei mapema, yaliyochelewa yanakuta udongo umekauka ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kwa hiyo njaa ya Februari inakula mavuno ya Julai ambayo bado hayajapandwa. Mwaka unaofuata ziada ni magunia mawili, halafu moja. Mtu anayeangalia kutoka barabarani ataona mkulima mvivu mwenye shamba chafu.

Wazee wa kahawa walilielewa jambo hili bila kuhitaji mchumi. Huku kwetu habari ya ushirika ni ndefu: chama cha kwanza cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro kilianzishwa 1925, na chama kikuu cha KNCU kikasajiliwa 1933. Ukizungumza na mzee wa Marangu au Machame kuhusu kahawa, atakwambia kahawa ilisomesha. Ukimdodosa ilisomeshaje, mara nyingi hazungumzii bei. Anazungumzia malipo ya pili. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, akapata malipo ya awali. Kahawa ikauzwa mnadani hapa Moshi, miezi kadhaa baadaye yakaja malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri yakaja na mabaki. Chama kilikuwa kinamtunzia mkulima pesa bila kumwambia kwamba kinamtunzia. Pesa ilikuja kwa mafungu, na fungu moja lilikutana na ada.

Sisemi ule mfumo ulikuwa malaika. Kulikuwa na makato yasiyoelezeka na viongozi walioneemeka, na mzee yuleyule atakwambia hayo pia ukimwongezea chai. Vyama vikavunjwa 1976 na serikali yenyewe, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, na vilipokuwa vinajikongoja mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza kahawa ukavunjika, mwaka 1989, bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na pesa taslimu mlangoni. Nani angesubiri malipo ya pili? Watu walifurahia taslimu, na walikuwa na haki. Kilichopotea ni yale mafungu, na hakuna aliyepanga cha kuziba nafasi yake.

Mahindi hayajawahi kuwa na malipo ya pili. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye sheria yake tangu 2005, ungeweza kuwa hivyo: unaweka mzigo ghalani, unapewa stakabadhi, unakopa kwa stakabadhi hiyo, unauza bei ikipanda. Kwenye korosho kule Mtwara na Lindi umeshika mizizi, pamoja na kelele zake zote. Lakini kwa mwenye magunia matatu ya ziada ya mahindi, ghala liko kilomita ishirini, linataka ubora wa daraja fulani na mzigo wa kutosha lori. Bodaboda ya kupeleka gunia moja inakula faida. Kwa hiyo ghala lake ni chumba anacholala.

Na hapo kuna habari njema ambayo naiona haijasemwa vya kutosha. Mdudu anayetutesa zaidi, dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima humwita skania, si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, akagundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa. Bibi zetu walikuwa wanatundika mahindi darini juu ya jiko, moshi unayakausha na kufukuza fukusi, ikatosha. Dumuzi hajali moshi kiasi hicho. Anatoboa hata mbao. Dawa ya unga inafanya kazi ikiwa halisi na ikichanganywa vizuri, masharti mawili ambayo hayakutani mara nyingi.

Kinachomshinda kwa hakika ni kumnyima hewa. Mifuko ya tabaka tatu, inayojulikana kama PICS, ina plastiki mbili nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Unajaza, unatoa hewa kwa kushindilia, unasokota mdomo wa tabaka la kwanza, unaukunja, unaufunga kwa kamba, kisha la pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Wadudu waliobaki ndani wanapumua mpaka hewa yao inaisha, wanakufa wenyewe. Hakuna dawa. Usiweke mfuko chini sakafuni, weka juu ya chaga, na usiuegemeze ukutani ambako panya anapita. Tundu moja la panya limemaliza kazi yote.

Kosa kubwa ninaloliona ni kufunga mahindi mabichi. Mahindi yenye maji yakifungiwa yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haionekani, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi yetu yasiingie kwao kwa sababu hiyohiyo, na foleni ya malori Namanga na Holili ilitufundisha somo ambalo semina hazikutufundisha. Kipimo cha unyevu ni ghali, lakini iko njia ya chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si kwenye vumbi la uwanja. Chumvi ikikaa chini imetawanyika, funga mfuko wako. Nimeifanya mbele ya vikundi mara nyingi mno, na kila mara yuko anayesema chumvi yangu ndiyo mbovu.

Mfuko peke yake, hata hivyo, haumlipi Mangi. Mkulima mwenye mfuko mzuri na deni la Agosti atauza mfuko na mahindi yake. Anachohitaji ni pesa kidogo Agosti. Rudi kwenye mfano wetu: angekopa 100,000 Agosti kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, baada ya miezi sita angerudisha 118,000. Ongeza mifuko miwili, tuseme 5,000 kila mmoja. Zile 180,000 ambazo angekwenda kununulia mahindi, atakuwa ametumia 128,000, na zimebaki 52,000. La muhimu zaidi, Februari yake ameshinda shambani kwake.

Hili halijaishia kwenye daftari langu. Magharibi mwa Kenya watafiti walishirikiana na shirika linalokopesha wakulima wadogo, wakawapa baadhi yao mkopo wa pesa taslimu wakati wa mavuno. Matokeo yalichapishwa 2019: waliokopa walichelewa kuuza, na faida ilifika kama asilimia 29 ya fedha iliyowekwa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kwenye maeneo yenye wakopaji wengi, bei sokoni ilipunguza kuruka, haikuanguka sana wakati wa mavuno wala kupaa sana wakati wa njaa. Kwa hiyo hata jirani asiyekopa alipata nafuu.

Benki hazitakuja Kahe kukopesha laki moja. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana vipo tayari, vya hisa, VICOBA na vinginevyo, na kila kijiji nilichofika kina kadhaa. Tatizo lao ni tarehe. Karibu vyote huvunja, yaani hugawana akiba yao, Desemba, kwa sababu huku kwetu Desemba ni Desemba: ndugu wanapanda kutoka Dar, mbuzi wanachinjwa, kila mlango unatakiwa uwe na kitu. Mama anaweka hisa kila wiki mwaka mzima, Julai kikundi kimekopesha kila kitu na sanduku ni tupu, yeye anauza magunia kwa bei ya kutupa. Desemba anapokea akiba yake, inapita na Krismasi, Februari ananunua sado. Pesa anayo na mahindi anayo, ila havikutani.

Ushauri wangu kwa vikundi umekuwa mmoja kwa miaka kadhaa sasa: hamisheni siku ya kuvunja iwe Julai, au gaweni hisa mafungu mawili, moja la Julai na jingine la Desemba. Ukisikia mwaka wa kwanza una ugomvi, ni kweli. Wanaume ambao hawajawahi kuuliza habari za kikundi huanza kuuliza.

Nina doa la kukiri hapa. Mapema 2017 mahindi yalikuwa ghali ajabu, na mavuno yalipoingia mwaka huo nilizunguka nikiwaambia watu wafunge yote, wasiuze hata debe, wasubiri Februari. Juni serikali ikapiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, kama ilivyowahi kufanya 2011. Mzigo ukabaki ndani, bei ikalala, na Februari 2018 waliofunga kwa ajili ya biashara wakauza kwa kiasi ambacho wangekipata bila kusubiri, wengine pungufu. Baba mmoja wa Mabogini alikuja nyumbani kwangu na mfuko mtupu, akauweka mezani, akaniuliza bei ya plastiki.

Tangu hapo siwaambii watu wafanye ulanguzi. Nawaambia wafunge chakula chao kwanza, yale magunia saba. Hayo hayana hasara, bei iwe juu au chini, kwa sababu hutayanunua wala hutayauza. Ziada ni hiari, na nusu yake iuzwe mapema. Na kwa serikali, kama kuna mtu wa wizara anayesoma: kufunga mpaka ghafla kunamwadhibu aliyetii ushauri wa kuhifadhi, mwenye stoo kubwa anajua njia za usiku.

Wapo ambao haya yote hayawahusu. Ukipanda juu mlimani, kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo, kaya nyingi zina robo ekari iliyogawanywa mara tatu kati ya ndugu. Hawana mahindi ya kufunga, wananunua chakula karibu mwaka mzima. Huko linalosaidia ni ng'ombe wa maziwa mmoja zizini, mtoto mwenye ufundi mjini, na kwa walio chini kabisa ule mpango wa TASAF wa kunusuru kaya. Tambarare yenye maji nayo ni habari nyingine. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, ilifanya mpunga wa Mabogini na Chekereni uwe mali, na mwenye mpunga anapata pesa mwezi ambao mwenzake hana, kwa hiyo mahindi yake hayaguswi. Walio juu ya mfereji wakaona, nao wakalima mpunga, maji ya mto Rau yakaanza kugombewa. Skimu iliumizwa na kufanikiwa kwake.

Yule mama wa uzi wa bluu yuko kwenye kikundi cha watu ishirini na wawili. Msimu uliopita alifunga mifuko minne, ameipanga chumbani anakolala mjukuu, juu ya chaga za kitanda kilichovunjika. Mfanyabiashara wa stoo amepita mara mbili kuulizia, mara ya pili aliuliza pia mifuko yenyewe inauzwa wapi.

Kikundi chao kinakaa Jumamosi kuamua kama watavunja Julai. Nimealikwa. Wenye hisa kubwa hawataki kusikia, na mzee mmoja ameshatuma ujumbe kwamba nikija kuzungumzia tarehe, nije na mbuzi wa Krismasi.